Windows 7 kwenye kompyuta ya steshenari: uchambuzi wa kisa kimoja

Nimeondoa jina la mji, la mwenye duka na la kijana anayemfanyia kazi. Aina ya printa na ya skana pia sikutaja. Yaliyobaki ni kama yalivyokuwa kati ya Juni na Desemba 2025. Ninaandika kama fundi niliyeitwa, kwa hiyo sehemu ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

## Usuli

Duka liko mji wa wilaya, karibu na stendi, katikati ya shule mbili za sekondari. Kama steshenari nyingi za Tanzania, linauza kalamu na madaftari lakini linaishi kwa huduma: kutoa kopi, kuprinti, kuskani, kuchapa barua na mitihani, picha za pasipoti, kadi za harusi, na zaidi ya yote kuwajazia watu maombi mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa, TIN, ajira, nafasi ya chuo, mkopo wa elimu ya juu. Mtu anakuja na bahasha ya karatasi mkononi na simu ya kupokelea namba ya uthibitisho, na anaondoka na fomu iliyoprintiwa.

Kazi yote hiyo inapita kwenye kompyuta moja. Ni Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, iliyonunuliwa 2017. Ina prosesa ya Core i5-3470, kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Ubavuni ina stika ya Windows 7 Professional, lakini iliyowekwa ndani ilikuwa Windows 7 Ultimate ya biti 32, ile inayotembea mikononi mwa mafundi kwenye flashi, na imewashwa kwa programu ya kuvunjia leseni. Hapo tayari kuna mambo mawili ya kuangalia. Mfumo wa biti 32 haukuweza kuitumia RAM yote GB 4, ukawa unafanya kazi na GB 3 na kidogo. Na programu ya kuvunjia leseni mara nyingi inakuja na wageni wake, kwa sababu ili ifanye kazi ni lazima uzime antivairasi kwanza.

Windows 7 ilitoka Oktoba 2009. Microsoft waliacha kuitolea viraka vya usalama, yaani masasisho ya kuziba matundu, tarehe 14 Januari 2020, isipokuwa kwa taasisi zilizolipia nyongeza, na hiyo nayo ikaisha Januari 2023. Mwezi uleule Chrome 109 ikawa toleo la mwisho kukubali Windows 7. Kwa hiyo mashine hii ilikuwa imekaa miaka mitano bila viraka na zaidi ya miaka miwili na kivinjari kilichoganda.

## Kilichotokea

Katikati ya Juni mwenye duka alinipigia. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaingia kwenye shida moja kwa moja: "Marahaba mwanangu. Hii kompyuta inaniaibisha mbele ya wateja. Njoo uniwekee Windows 11, jirani yangu kawekewa na yake inaruka."

Nilikuta kurasa za maombi zinafunguka nusu. Fomu inatokea, ukibonyeza kitufe cha kuendelea hakuna kinachofanyika. Kijana alikuwa amezoea kumkopa mteja simu na kumalizia maombi humo. Msimu wa maombi ya mikopo na vyuo ulikuwa mlangoni, na huo ndio msimu unaolipa kodi ya pango.

Flashi nayo ilikuwa na lake. Kila iliyochomekwa, mafolda yake yaligeuka kuwa shotikati. Virusi hivi ni vya kale na kila mwenye steshenari anavifahamu: vinaficha folda halisi na kuweka picha yake pembeni, ukiibonyeza unafungua folda na kirusi kwa pamoja. Duka lilikuwa linavigawa. Mwanafunzi anakuja kuprinti kazi yake ya chuo, anarudi navyo bwenini.

Lililonikalisha kitini lilikuwa jingine. Nilipofungua orodha ya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, zilikuwa zaidi ya mia tatu, karibu zote za wateja. Kwenye folda moja iliyoitwa "SCAN" kulikuwa na vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kidato cha nne, vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, kuanzia 2019. Hakuna aliyekusudia kuvikusanya. Mtu anaskani, anaprinti au anapakia, faili linabaki. Mashine isiyo na viraka, yenye virusi, imeunganishwa mtandaoni mchana kutwa, na ndani yake kuna karatasi za nusu ya mji.

Kabla ya hapo nilikuwa nalifikiria swali la mama mwenye duka kama swali la spidi. Baada ya kuona folda ile nilimwambia waziwazi kwamba kubaki kama tulivyo si moja ya machaguo. Tangu 1 Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, lakini hata bila sheria, wale ni watu wanaokuja na bahasha wakituamini. Hatari haikuwa ya mwenye duka peke yake, kwa hiyo hakuwa na haki ya kuipima peke yake.

## Daftari la siku sita

Sikuweka chochote siku ile. Nilifuta virusi kwa muda, nikaacha daftari la kurasa 40 mezani, nikamwomba kijana aandike kila kazi inayogusa kompyuta kwa siku sita za kazi. Mama aliona namchelewesha. Kijana aliona namchunguza. Lakini mfumo unachaguliwa kwa kazi, na hakuna anayekumbuka kazi zake zote ukimuuliza kwa mdomo.

Zilirudi kazi 143. Kuprinti faili za wateja kutoka kwenye flashi, WhatsApp au barua pepe: 61. Maombi ya mtandaoni: 38. Kuchapa: 19. Kuskani: 14. Picha za pasipoti: 8. Kadi: 3.

Yaani kazi 99 kati ya 143 zilihitaji kivinjari kizima, printa inayofanya kazi na kompyuta isiyougua kwa kuchomekewa flashi. Kilichohitaji Windows hasa kilikuwa kidogo sana, au ndivyo nilivyodhani.

## Njia zilizokuwa mezani

Windows 11 ilikuwa ombi la mwenye duka, nikaianza hiyo kwa heshima. Inadai kichipu cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu. OptiPlex 7010 ina TPM 1.2 na prosesa ya kizazi cha tatu. Kuna njia ya kuupita ukaguzi huo wakati wa kuweka, na nimeshaiona ikifanya kazi kwenye mashine za umri huu. Lakini Microsoft wanasema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho, na toleo jipya la mwaka mara nyingi halijiingizi lenyewe, ni lazima fundi aitwe tena. Tulikuwa tunakimbia mfumo usio na viraka. Kuhamia mwingine ambao viraka vyake ni vya kubahatisha sikuona maana. Kompyuta ya jirani niliiangalia pia: ni ya kizazi cha nane, ina SSD, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Ile SSD ndiyo "inaruka".

Windows 10 ingekubali mashine hii bila kulazimishwa. Tatizo lilikuwa kalenda. Ilikuwa Juni, na Windows 10 ilipangiwa kufika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft walikuwa wameshatangaza tangu 2024 kwamba watumiaji wa nyumbani wangeweza kununua mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, na mwishoni mwa Juni wakatangaza njia nyingine za kuupata. Kulikuwa pia na suala la leseni. Mlango wa kuwasha Windows 10 kwa namba ya stika ya Windows 7, ambao kwa miaka mingi ulibaki wazi kimyakimya, ulifungwa Septemba 2023. Ningelazimika kumnunulisha leseni kwa ajili ya mfumo uliobakiza miezi kama kumi na sita, au kurudi kwenye kuvunja leseni. La pili sifanyi tena kwenye mashine inayobeba vitambulisho vya watu.

Na kulikuwa na skana. Draiva yake, programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, ilitengenezwa kwa biti 32 tu, na draiva ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64 kwa namna yoyote. Windows 10 ndiyo ya mwisho kuwa na toleo la biti 32, kwa hiyo kuiokoa skana kungemaanisha kubaki na RAM ile ile ya GB 3 na kidogo.

Kubaki Windows 7 na kubadilisha kivinjari. Wakati ule kivinjari cha Firefox 115 ESR, toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, kilikuwa bado kinapewa viraka kwenye Windows 7. Kingetibu vitufe visivyobonyezeka kwa muda. Lakini kivinjari kipya juu ya mfumo uliokufa ni kitasa kipya kwenye mlango uliooza. Mei 2017, kirusi cha kudai fidia cha WannaCry kilipozunguka dunia, wengi wa waathirika walikuwa kwenye Windows 7, na kilipita kwenye tundu la mfumo wenyewe bila kumngoja mtu afungue ukurasa wowote. Kiraka kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla. Aliyesasisha alipona. Sisi tusingekuwa hata na kiraka cha kusasisha.

Kununua mashine nyingine ya mtumba ya kizazi cha nane: karibu laki tano na nusu. Mama alikuwa na laki mbili, na kodi ya pango ilikuwa inakaribia.

Linux Mint, mfumo mwingine usio wa Microsoft unaochukua nafasi ya Windows, toleo la 22.1 lenye muonekano mwepesi wa Xfce: bure, linapata viraka hadi 2029, na linatosheka na mashine ya aina hii. Virusi vya shotikati havifanyi kazi humo.

## Uamuzi na sababu zake

Tulichagua Mint, lakini kwenye diski mpya. Hili la diski ndilo ninaloliona kuwa uamuzi bora zaidi kwenye kisa kizima. SSD ya GB 240 kwa elfu sabini, RAM ya mtumba ya GB 4 kwa elfu ishirini, ufundi elfu arobaini. Jumla 130,000. Diski ya zamani haikufutwa hata herufi moja. Ilibaki ndani ya kava, imeunganishwa, na ukibonyeza F12 wakati wa kuwasha unachagua uingie wapi. Kama kila kitu kingeharibika, Jumatatu asubuhi mama angekuwa na kompyuta yake ileile ya zamani.

Kabla ya kununua chochote niliwasha Mint kutoka kwenye flashi palepale dukani, bila kuiweka. Intaneti ikashika. WhatsApp ya kwenye kivinjari ikafunguka. Kurasa za maombi zikafanya kazi hadi hatua ya mwisho. Skana, ile ambayo Windows ya biti 64 isingeitaka, ikaskani bila kuwekewa draiva yoyote, kwa sababu Linux inabeba yenyewe draiva za skana nyingi za zamani. Mama aliangalia karatasi ikitokea kwenye kioo akasema, "Kumbe." Printa nikaiona jina lake kwenye orodha, nikaridhika.

Sikuprinti hata ukurasa mmoja. Nitalirudia hili.

## Utekelezaji na matokeo

Kazi ilifanyika Jumamosi jioni hadi Jumapili, UPS ikiwa imejaa. Kwenye Firefox nilizima kuhifadhi nywila na historia. Nilitengeneza folda ya skani inayojifuta kila usiku. Violezo vya barua na kadi nikavihamisha. Kompyuta iliyokuwa inachukua kama dakika nne kuwaka ikawa tayari kwa chini ya sekunde arobaini. Nilimweleza mama kila kitu kwa saa tatu, akaridhika, nikaondoka.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu: printa haitoi. Jina lipo, kazi inaingia kwenye foleni, karatasi haiji. Printa ile, kama baadhi ya printa za leza za zamani, inahitaji kipande cha ziada cha programu ya mtengenezaji ambacho hakiji na Linux. Kinapakuliwa mara moja tu, lakini bando la duka lilikuwa limeisha Jumapili kwa masasisho niliyoyapakua mimi. Saa mbili na nusu bila kuprinti, Jumatatu, mbele ya foleni ya wanafunzi. Kuna waliovuka barabara wakaenda kwa jirani.

Julai ilikwenda vizuri. Maombi yalijazwa dukani hadi mwisho bila kukopa simu ya mteja. Flashi ziliacha kutoka na shotikati, na mama aliniambia mwanafunzi mmoja alirudi kuuliza "mmeweka antivairasi gani".

Agosti nilipita bila taarifa nikakuta kompyuta ipo kwenye Windows 7, imeunganishwa intaneti, Chrome 109 imefunguliwa. Kijana alisimama. Sikumfokea, na ninafurahi sikufanya hivyo, kwa sababu nilipomuuliza alinipa sababu tatu zilizonyooka. Picha za pasipoti alikuwa anazipanga kwenye Photoshop yake ya zamani kwa dakika mbili, kwenye GIMP, programu ya picha iliyo kwenye Mint, zinamchukua kumi. Kadi za harusi ziko kwenye Publisher ya Microsoft, na zikifunguliwa kwa LibreOffice, programu za ofisi zinazokuja na Mint, maandishi yanapandana. Ya tatu ilikuwa nzito kuliko zote: mitihani.

Mitihani ya shule haikuwemo kwenye daftari. Siku zile sita zilikuwa za Juni, shule zimefungwa. Mwishoni mwa Agosti mwalimu wa hisabati alileta mtihani wa muhula uliopita ubadilishwe maswali kadhaa. Lilikuwa faili la Word lililojaa milinganyo ya kihariri cha zamani, ambacho Microsoft wenyewe walikiondoa kwenye Office Januari 2018 kwa sababu ya usalama. LibreOffice ilifungua, lakini baadhi ya milinganyo ilisogea na jedwali moja likavunjika kurasa mbili. Kijana hakuona, akaprinti nakala themanini. Mwalimu akasimama kaunta, akaonyesha kwa kidole: "Kijana, hii alama ya kipeuo imekwenda wapi?" Nakala zikatupwa, gharama ikawa ya duka. Kuanzia siku hiyo, kila kitu chenye wasiwasi kijana alikifanyia Windows 7, na kwa kuwa faili za wateja zinakuja kwa WhatsApp, akaichomekea na intaneti.

## Uchambuzi

Uamuzi wenyewe ninausimamia. Kwa fedha zilizokuwepo na kwa karatasi zilizokuwa zinapita humo, sioni njia nyingine iliyokuwa bora. Ingekuwa kompyuta ya mtu anayeandika hadithi zake nyumbani bila intaneti, ningemwambia akae na Windows 7 yake kwa amani. Mashine ileile, umri uleule, jibu tofauti.

Daftari lilifanya kazi na lilinidanganya. Lilituonyesha kwamba theluthi mbili ya kazi hazina uhusiano na Windows, jambo ambalo mama asingelikubali kwa maneno yangu. Lakini siku sita ni siku sita za msimu mmoja. Steshenari ina kalenda: maombi, mitihani, harusi, uandikishaji. Ningemuuliza kijana swali moja la ziada, "Ni kazi gani inakuja mara chache lakini ikikwama mnaumia?", mitihani ingetajwa ndani ya dakika.

Printa ni uzembe. Kuona jina la kifaa kwenye orodha si kukijaribu. Sasa nikiwasha mfumo wa majaribio kutoka kwenye flashi, siondoki bila karatasi mkononi.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la kibinadamu. Nilimfundisha mwenye duka kwa saa tatu kwa sababu ndiye aliyelipa. Anayekaa kwenye kiti ni kijana, na yeye nilimpa dakika ishirini. Aliporudi Windows 7 hakuwa mkaidi, alikuwa analinda kazi yake. Kumwekea vizuizi kungemfundisha tu kuvikwepa. Tulikaa Jumapili mbili za Septemba. Tulitengeneza kiolezo cha picha za pasipoti kwenye GIMP ambacho anabandika sura moja na zinajaa nane. Kadi tatu zinazopendwa tulizijenga upya kwenye Draw ya LibreOffice. Milinganyo alijifunza kuiandika kwenye LibreOffice yenyewe, na mwalimu wa hisabati, baada ya kuombwa radhi, alikubali mitihani yake ichapwe upya kidogokidogo. Kila mtihani unatoka kwanza kama PDF, unakwenda kwenye simu ya mwalimu, na hauprintiwi hadi ajibu.

Diski ya zamani ndani ya kava ilitupa usalama na ilitupa kishawishi kwa wakati mmoja. Kwenye kazi nyingine ningeikata waya na kuifungia kabatini, ili kuirudia kuwe kwa kukusudia.

Desemba ilikuwa imefika miezi miwili bila mtu kubonyeza F12. Mama akataka kuiuza diski ile, kuna mtu alikuwa anatoa elfu kumi na tano. Nilimkumbusha folda ya "SCAN" na zile nywila. Kufuta kawaida, hata kufomati haraka, kunaacha vyote hivyo mahali pake kwa yeyote mwenye programu ya kurudishia mafaili. Tulinakili violezo vilivyobaki, kisha tukaiandikia diski nzima sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho, duka likiwa limefungwa. Ilichukua karibu saa mbili. Kijana alikaa mbele ya kioo akiangalia namba zinavyopanda, na zilipofika mwisho akaichomoa mwenyewe.